Wataongeza Muda

Ukimwuliza Laban Asava siku hizi jambo lolote la Kenya, bei ya unga, uchaguzi, hata mvua kama imeshuka, atakujibu, "Sijui, uliza wengine." Wanaojiunga sasa na kikundi cha Wakenya cha Ijumaa pale Mesaimeer, penye makanisa ya Doha, humdhania mzee mzito wa akili, mlinzi asiyefuata habari. Wenyeji hunyamaza tu. Wanakumbuka kwamba kabla ya mwaka ule wa noti, Laban ndiye aliyekuwa redio yao.

Kwao ni Mbale, kule Vihiga, na kabla ya kupanda ndege alikuwa karani katika ofisi ya chifu. Ofisi ile ilimfundisha jambo moja ambalo aliliamini kuliko kalenda: serikali ikitaja siku ya mwisho, siku hiyo si ya mwisho. Aliliona kwenye vitambulisho, akaliona kwenye kura, akaliona kwenye usajili wa laini za simu. Kila mara tarehe ilitangazwa kwa ukali, watu wakaipuuza, foleni ikaja kuzunguka soko zima siku ikikaribia, na mkubwa fulani akajitokeza kwenye televisheni kuongeza muda. Waliokwenda mapema walionekana washamba waliopoteza siku ya kulima.

Doha alikuja kulinda. Jengo lake liko West Bay, refu la vioo, na yeye husimama ukumbini nyuma ya meza ya mawe meupe akiwasalimu wanasheria na watu wa benki wanaopita wakitazama simu. Wachache huitika. Kutwa nzima, siku sita kwa juma, ni mtu wa kubonyeza kitufe ili geti lifunguke. Lakini Ijumaa, siku ya mapumziko huko, ibada ikiisha na chai ikimiminwa, alikuwa mtu wa kusikilizwa. Alivuta kiti, akakunja miguu, akawafafanulia wenzake serikali. Hicho ndicho kilichokuwa kiburi chake, na mtu asiyewahi kusimama kutwa nzima bila kuitikiwa asimcheke.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Mkenya akishuka Doha huwa bado ana noti za nyumbani mfukoni, na hapa hazimnunulii hata kikombe cha chai ya karak. Basi Ijumaa yake ya kwanza huzitia katika mkebe wa maziwa ya unga. Anayekwenda likizo, au anayeitwa na msiba, hupewa zilizomo zimsaidie nauli ya kutoka uwanja wa ndege hadi kwao. Hutiwa katika bahasha ya kaki, bahasha inagundishwa, inaombewa, naye anaiweka mkobani bila kuifungua. Kuifungua mbele za watu ni kukosa adabu, kwa kuwa fungu la mmoja huwa nono na la mwingine jembamba, kutegemea wageni walioingia. Mkebe ulikaa chini ya kitanda cha Laban, kambini wanakolala walinzi. Hakuna aliyewahi kumwuliza una nini ndani.

Sikukuu ya Madaraka mwaka 2019 Kenya ilitangaza noti mpya. Zile za zamani za mia na mia mbili na mia tano zingeendelea kutumika, lakini noti ya zamani ya elfu moja ingekufa mwisho wa mwezi wa tisa. Ijumaa iliyofuata, Kioko hakungoja hata chai. Kioko ni Mkamba, dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli, na utani kwake ni kama pumzi.

"Mzee Laban, mkebe wetu umepata ugonjwa. Thao zote za zamani zinaaga dunia mwezi wa tisa. Umesikia?"

"Nimesikia kabla yako."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wataongeza muda."

"Benki Kuu imesema haiongezi hata saa moja."

"Hata wa laini za simu walisema hivyo hivyo. Kioko, wewe serikali umeiona barabarani tu, ikikuomba leseni. Mimi nimekula nayo ugali sahani moja."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Alikaa vizuri zaidi kitini.

Kwamboka alikuwa karibu naye, akigawa mandazi. Kwao ni Nyamira, na hapa Doha analea watoto wa familia moja Al Waab. Kila Ijumaa familia hiyo hula chakula cha mchana kwa babu yao, na dereva wao humshusha Kwamboka langoni Mesaimeer, kisha humrudia baada ya sala ya adhuhuri. Simu yake huishiwa data katikati ya juma, kwa hiyo habari za dunia alizipata kwa mdomo wa Laban. Alimwita kaka, kwa sababu ndiye aliyempa kiti siku yake ya kwanza, alipokuwa analia na hajui mtu.

"Kwa hivyo, kaka, tusiogope?"

"Usiogope, dada. Wataongeza."

Mwezi wa nane Kawira, muuguzi, alikuwa anakwenda likizo Meru. Alimwambia Laban mbele ya wote, "Nipe zile elfu elfu nizipeleke benki. Nikirudi nakuletea mpya, mkebe unapona."

Lilikuwa jambo rahisi. Lakini Laban alihisi kwamba akizitoa atakuwa ameungama kuwa alikosea, na hata kukosea kwenyewe hakujathibitika. "Ziache," alisema. "Ukirudi utazikuta, na zitakuwa zinatumika."

"Na zisipotumika?"

"Basi mnicheke."

Mwisho wa mwezi wa tisa haukumkuta mtu na nafasi. Mashindano ya riadha ya dunia yalikuwa Doha, na Wakenya wote wa mji ule walikuwa wamekauka sauti kwa kuwashangilia wakimbiaji wa kwao. Kioko aliendesha basi usiku na mchana. Jengo la Laban lilijaa wageni, naye alifanya zamu mbili mbili. Siku ya Jumanne, tarehe mosi Oktoba, alipata upenyo, akafungua simu chini ya meza ya mawe na kusoma habari. Muda haukuongezwa. Alitafuta gazeti jingine, kama mgonjwa anavyotafuta daktari wa pili. Nalo lilisema vilevile. Noti ya zamani ya elfu ilikuwa karatasi tangu jana.

Mtu mmoja wa benki alipita, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote Laban alisahau kumfungulia geti.

Alipanga kuwaambia Ijumaa. Alijizoeza maneno akiwa kwenye metro, akiwa bafuni, akiwa amelala chali kitandani. Angesema kwa mzaha: haya, chekeni, safari hii serikali imenigeuka. Mzaha ule ulikuwa mzuri mpaka Alhamisi jioni, Kawira, aliyekuwa amesharudi kutoka Meru, alipopiga simu.

"Mzee, mama yake Kwamboka amefariki. Madam wake wa Al Waab amemkatia tiketi ya kesho usiku. Njoo na bahasha."

Laban aliuvuta mkebe, akaketi ukingoni mwa kitanda. Karibu zote zilikuwa za elfu. Zilizokuwa hai bado, za mia na mia mbili, zilikuwa chache, hazingemfikisha mtu hata Naivasha. Njia zilikuwepo. Angeweza kupiga simu pale pale na kusema mkebe umekufa mikononi mwangu, na wenzake wangechanga riyali kabla ya kulala. Angeweza kukopa kwa wenzake wa chumbani. Aliona yote hayo wazi. Aliona pia uso wa Kioko, akamwona Kawira akisema, "Si nilikuomba?", akasikia kicheko cha chumba kizima, na safari hii kicheko hakikuwa upande wake.

Labda uwanjani watazipokea, aliwaza. Labda kule mashambani bado wanazipokea. Labda tangazo litatoka kesho. Huku akiwaza hivyo, mikono yake ilikuwa inazipanga: mia na mia mbili juu, mia na mia mbili chini, elfu katikati. Akagundisha.

Ijumaa alimkuta Kwamboka amekaa katikati ya akina mama, macho yamevimba. Kawira alimvuta Laban kando.

"Zile za zamani ulizitoa?"

"Nilishazishughulikia."

Bahasha iliombewa. Kwamboka aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. "Mungu akuone, kaka," alisema. Laban aliangalia zulia.

Kwamboka alirudi baada ya majuma matatu. Walimkumbatia, wakamketisha, wakamwekea chai, na Kwamboka, ambaye huwezi kumnyima hadithi hata akiwa na msiba, akaanza kusimulia huku akicheka.

"Binamu yangu alinichukua uwanjani kwa gari lake, nauli sikuhitaji. Nikasema, hii ni baraka, nitaitoa kwa mazishi. Noti mpya niliziona, ndiyo, lakini nikajua za zamani bado zinaendelea, si Kaka Laban alisema? Basi mshereheshaji akashika maikrofoni: 'Bahasha nene kutoka Doha!' Watu wakapiga makofi. Mjomba ndiye mweka hazina, akaifungua mezani. Akatoa mia, akatoa mia mbili, akatoa mia. Halafu akafikia za elfu. Akamwinamia mshereheshaji amnong'oneze, na maikrofoni ilikuwa haijazimwa." Alishika mbavu. "'Hizi ni zile zilizokufa!' Uwanja wote! Mpaka kwaya! Vijana huko nyuma wakapiga kelele, 'Dada wa Qatar ametuletea pesa za makumbusho!' Mwingine akasema zizikwe pamoja na mama."

Kioko alikuwa ameshaangua kicheko. Alikikatiza alipoona Kwamboka hacheki tena.

"Augustine haongei nami," alisema. Augustine ni kaka yake mkubwa, mwalimu, na ndiye anayemlea Melissa, binti yake Kwamboka. "Anasema nilizificha tangu likizo ile nyingine, nikaona zimekufa, nikamtupia mama yangu juu ya jeneza ili nitajwe kwenye maikrofoni. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Melissa simpati. Kila nikipiga inalia tu, inalia, inakatika."

Kawira aliweka kikombe chini, akamgeukia Laban. Wengine wakafuata macho yake.

"Nilichanganya bahasha," Laban alisema. Alijisikia akiendelea kusema. "Za zamani nilikuwa nimezitia katika bahasha nyingine, kando. Usingizi, zamu mbili mbili. Nikachukua isiyo yenyewe."

"Nilijua!" Kwamboka alipiga paja. "Nilimwambia Augustine, aliyenifungia si mtu wa hivyo. Msimwangalie hivyo, jamani. Nani hapa hajawahi kuchoka? Kaka wa watu amesimama wiki nzima kwa sababu ya hao wakimbiaji wenu."

"Kweli," Kioko alisema. "Hata mimi nilipitiliza kituo cha hoteli mara mbili."

Kumtetea kwao kulimchoma Laban kuliko ambavyo kicheko kingemchoma. Alitaka waendelee na alitaka wanyamaze.

"Basi ongea na Augustine," Kwamboka alisema, ameshasimama. "Namba yako haijui, atapokea. Mwambie tu hivyo ulivyosema. Wewe ni mtu mzima, atakusikia. Twende nje, dereva wangu hajafika."

Walisimama kwenye ukanda wa kivuli chini ya ukuta wa maegesho. Kwamboka alitaja namba kutoka kichwani, Laban akabonyeza, na Kwamboka mwenyewe akanyoosha kidole kuweka spika. Ililia mara chache.

"Hallo. Nani?"

"Naitwa Laban, niko Doha. Mimi ndiye ninayeshika mkebe wa kikundi cha dada yako. Pole sana kwa msiba."

"Asante, mzee. Tunaendelea. Sema."

"Zile noti hazikuwa za Kwamboka. Zilikuwa za kikundi. Ni mimi niliyemfungia bahasha, nikachanganya. Nilimpa isiyo yake."

Upande wa pili kulisikika watoto wakicheza. Augustine hakuwa na haraka.

"Ukachanganya."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mzee, kila Jumatatu kuna mtoto ananiambia daftari limeliwa na ng'ombe. Nisikilize. Nilikuwa nimesimama kando ya mjomba. Juu zilikuwa mia, chini zilikuwa mia, zilizokufa zilikuwa katikati zimebanwa. Bahasha haijipangi hivyo yenyewe. Aliyeipanga alijua anachoficha. Na aliyeileta mbele ya jeneza la mama yangu ni dada yangu. Sasa amekutafuta wewe umsemee. Mimi sikulaumu, lakini usinifanye mtoto."

Kwamboka alitikisa kichwa kwa nguvu, kana kwamba kaka yake anamwona. "Mwambie, kaka," alinong'ona. "Mwambie ni kuchoka."

Laban alimtazama. Alikuwa amemshika mkono wa shati, anaungoja mdomo wake kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango. Angeweza kurudia neno lile la kuchoka. Angelirudia, na Augustine angekata simu, na namba ya Nyamira ingeendelea kulia bila kupokewa, na Kwamboka angeendelea kumwita kaka.

"Nilizipanga mimi," alisema.

"Nini?"

"Mia juu, mia chini. Niliketi kitandani nikazipanga. Nilijua zimekufa, nilisoma Jumanne. Dada yako hakujua chochote ila nilichomwambia mimi. Tangu mwezi wa sita nilikuwa ninawaambia watu hapa kwamba wataongeza muda. Kuna aliyetaka kwenda kuzibadilisha, nikamkataza. Nilisema wasipoongeza, mnicheke. Hawakuongeza. Nikaona afadhali azibebe mtu mwenye msiba kuliko mimi nichekwe. Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu. Hakuna kingine."

Mkono uliokuwa umeshika shati lake haukuwepo tena. Hakuuona ukiondoka.

Augustine alitoa pumzi iliyojaa kwenye spika. "Hiyo nimeiamini," alisema. "Hakuna mtu anayejitungia aibu kama hiyo." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Nipe yeye."

Kwamboka aliichukua simu, akazima spika, akaenda kuketi kwenye ukingo wa barabara akimpa mgongo. Aliongea Kikisii. Laban hakuelewa neno, ila alisikia sauti ikianza kwa ukali, ikalainika, ikavunjika, kisha ikalipuka kwa furaha: "Melissa!" Baada ya hapo ilikuwa sauti ya mama na mtoto, ambayo haihitaji kueleweka. Alicheka. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena.

Laban hakuwa na pa kwenda. Simu ilikuwa yake, ikabidi angoje. Alisimama juani, kivuli kimeshajivuta hadi ukutani, akiwa kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa na mwalimu akasahau kumwambia arudi akae. Aliomba salio lisiishe. Hicho ndicho kitu pekee alichothubutu kuomba.

Gari la familia ya Al Waab lilifika, dereva akapiga honi fupi. Kwamboka alimaliza, akasimama, akaipangusa simu kwa ncha ya kitambaa chake na kumrudishia.

"Asante," alisema.

"Kwamboka..."

"Siku ile uliponiambia nisiogope, ulikuwa unajua?"

"Hapana. Siku ile niliamini."

"Na uliponipa bahasha?"

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Uso wake haukuwa na hasira. Kwa hasira Laban angejua la kufanya. Ulikuwa uso wa mtu anayekagua nyumba aliyokuwa akilala ndani yake, anaona sasa tu jinsi ukuta ulivyopasuka.

"Nilikuombea ndani ya ndege," alisema. "Mama yangu amelala mochari, na mimi nikaanza na wewe. Nikasema, Mungu mbariki yule mzee, ametoka kazini amechoka na bado akakaa kunifungia."

Honi ililia tena. Alikwenda, akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Pale langoni pana matuta, na gari liliyapanda moja moja polepole, kwa hiyo Laban alikiona kisogo chake kwa muda mrefu. Hakikugeuka.

Kisha akarudi ndani. Kioko alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika bahasha mbili za kaki alizoziokota sijui wapi, akiwaonyesha wenzake jinsi zinavyofanana na jinsi ilivyo rahisi mtu aliyechoka kuchukua hii akadhani ni ile. Laban akamwambia aziweke chini, bahasha ilikuwa moja tu.